Riviu ya kisiagi cha Kangemi: nyota nne, moja nimeizuia juu ya bango la uji

Nianze na alama ndio mwenye haraka asisumbuke kusoma yote: nyota nne kwa tano. Unga unatoka ukiuona, bei haiumi, vijana wa mashine wana adabu. Hiyo nyota moja nimeizuia makusudi juu ya bango fulani liko ukutani, nitalifikia.

Kisiagi chenyewe kiko Kangemi, ukishuka kutoka Waiyaki Way upite soko, kati ya duka la chakula cha kuku na kinyozi. Hakina jina la maana, mlangoni imeandikwa tu POSHO MILL kwa rangi nyekundu na chini yake "tunasaga, tunakoboa, mahindi yapo". Ndani kuna mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga, mizani, magunia ya mahindi, wimbi, mtama, maharagwe ya kila rangi, na vumbi la unga ambalo utatoka nalo kwa nywele upende usipende. Ukienda na nguo nyeusi shauri yako.

Sasa mbona mtu wa Nairobi mwenye supamaketi kila kona aanze kubeba mahindi kwa mfuko kama ako ushago? Mamkwe wangu alikuja kukaa na sisi kutoka Makueni baada ya kuambiwa kliniki ana sukari. Kile kipimo cha HbA1c, chenye kinaonyesha wastani wa sukari kwa damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kilikuwa kimepita asilimia 6.5, na 6.5 ndio mstari wenye ukiuvuka daktari anakuandikia kisukari. Akapewa dawa na karatasi ya vyakula, na kwa hiyo karatasi imeandikwa apunguze nafaka zilizokobolewa. Nikaangalia kabati yangu ya jikoni: unga wa ugali mweupe pe, ngano nyeupe ya chapati, mkate mweupe, mchele mweupe. Ukitoa hizo tunabaki na majani chai.

Hapo ndio kisiagi kikaingia kwa maisha yetu.

Huduma iko hivi. Unafika na mahindi yako ama unanunua kwao kwa gorogoro, wanapima, halafu kijana anakuuliza swali moja tu, "Mathe, tukoboe ama tusage hivo hivo?" Mimi nikiambiwa niseme kwa nini napenda hii mahali nitasema ni hilo swali. Supamaketi hakuna mtu anakuuliza, unakuta uamuzi ulishafanywa kiwandani ukafungwa kwa pakiti na picha ya familia inacheka. Hapa unaamua mwenyewe mahindi yako yavuliwe nguo ngapi, na huo uamuzi ndio karibu nusu ya hii habari yote ya chakula na sukari na presha.

Juu punje ya mahindi iko na sehemu tatu. Kuna ganda la nje, hilo ndio nyuzinyuzi. Kuna kiini, kile kitu cha manjano upande wa chini chenye kingeota ukipanda, hicho ndio kina mafuta na vitamini nyingi na madini. Halafu katikati kuna ile nyama nyeupe ambayo ni wanga, yaani nishati na protini kidogo. Mashine ya kukoboa inaondoa ganda na sehemu kubwa ya kiini, inakuachia wanga. Hizo pumba zinaingia kwa gunia lingine na zinauzwa hapo jirani kwa yule wa chakula cha kuku. Yaani kuku wa Kangemi wanakula nyuzinyuzi na vitamini B, sisi wenye kuku tunakula wanga. Nimecheka peke yangu kwa foleni nikiwaza hiyo.

Bei ya kusaga siku zenye nimeenda ilikuwa shilingi 10 kwa kilo, ukitaka wakoboe kwanza unaongeza kidogo. Ukijumlisha na mahindi yenyewe hautoki ukiwa umeokoa pesa nyingi ukilinganisha na pakiti ya kilo mbili, kwa hivyo usiende ukidhani ni bwerere, msimu wenye mahindi yamepanda mnaweza hata kutoka sare. Faida iko kwa kitu unapata. Na pumba zako ukikoboa ni zako, wengine wanaziacha, wewe dai.

Kitu kingine chenye sikujua kabla ya kuenda ni chekecheo. Ndani ya mashine ya kusaga kuna chuma chenye matundu, unga haupiti mpaka uwe umefika saizi ya hayo matundu, na wako na ya matundu madogo na makubwa. Ukiomba kubwa unapata unga wenye chembechembe, na hiyo si mambo ya ladha peke yake, chembe kubwa zinachukua muda mrefu kumeng'enywa kuliko unga laini kama poda, kwa hivyo sukari inaingia kwa damu polepole kidogo. Mahindi ni yale yale, ganda ni lile lile, umebadilisha tu saizi ya chembe na mwili unaona tofauti. Ilibidi nimuulize kijana aniwekee chekecheo kubwa, akaniangalia kama nimesema namsagia ng'ombe, lakini akabadilisha bila maneno. Ndio nasema wana adabu.

Ugali sasa. Usitarajie ule mweupe wa hoteli. Huu uko na rangi ya krimu na vidoa, unanukia mahindi kabisa, unakunywa maji mengi na unataka moto mdogo na subira, ukiuharakisha unabaki mbichi katikati. Watoto siku ya kwanza waliuliza kama umeanguka chini. Mzee wa nyumba alikula akanyamaza, halafu akasema ameshiba na sahani bado iko na kipande, na huyo ni mtu wa kumaliza akitafuta kingine. Unashibisha, hiyo sina haja ya kubishana na mtu. Nyuzinyuzi zinajaza tumbo na zinachelewesha chakula kutoka.

Lakini wacha niseme ukweli wenye wauza unga wa afya hawatakuambia. Ugali wa mahindi mazima bado ni ugali, wanga ni mwingi, na mamkwe ako na kile kimashine cha kudunga kidole, tulikuwa tunapima masaa mawili baada ya kula. Akila lile bonge la kawaida la Kiafrika, sukari ilipanda tu, mahindi yamekobolewa hayajakobolewa. Mahali tuliona mabadiliko ni bonge likiwa dogo, sukuma ikiwa nyingi, na maharagwe ama ndengu ziko kando. Unga wa kisiagi ulisaidia hiyo hesabu, haukuifanya peke yake. Mtu akikuambia badilisha unga tu halafu endelea na mlima wako wa ugali, anakudanganya. Na kama unatumia insulini ama vidonge vya kushusha sukari usikate wanga ghafla kwa sababu umesoma riviu ya kisiagi, ongea na kliniki kwanza, sukari ikishuka sana pia ni hatari.

Kitu cha bure chenye nimejifunza hapo katikati: ugali ukilala ukapoa, sehemu ya wanga inajipanga upya na inakuwa ngumu kumeng'enywa, inapita utumbo mdogo kama nyuzinyuzi. Kwa hivyo kiporo cha asubuhi na chai, kile tulikuwa tunaona ni chakula cha shida, si kibaya. Chai isiwe na vijiko vinne vya sukari tu.

Wacha nitoke nje ya kisiagi kidogo, juu pale mlangoni tu kuna kijana wa smokie, zile soseji za moshi, na mkokoteni wake. Ukisubiri mahindi yasagwe harufu inakuita, smokie pasua na kachumbari, ukitaka anakufungia kwa chapati inakuwa smocha, na mkono wa pili unashika soda. Hiyo foleni yake ni ndefu kuliko ya kusaga. Na hapa ndio naona watu tunachanganya mambo, mtu anasikia "vyakula vilivyosindikwa ni vibaya" anaanza kuogopa unga. Kusaga ni kusindika. Kuchachisha maziwa ni kusindika, kukausha omena ni kusindika, kuchemsha maharagwe ni kusindika. Yule mama wa pale sokoni mwenye anauza maharagwe yaliyochemshwa tayari kwa kikombe amesindika, na huyo ni mkombozi, juu sababu kubwa watu wa Nairobi hawali maharagwe ni gesi, nani atachemsha masaa mawili na mtungi umepanda bei.

Kuna profesa wa Brazil anaitwa Carlos Monteiro, wa Chuo Kikuu cha São Paulo, yeye na wenzake ndio kutoka 2009 walianza kugawa vyakula kwa mafungu kulingana na vile vimesindikwa, wakaita mpango wao NOVA. Mafungu ni manne. La kwanza ni vyakula vyenye havijaguswa ama vimeguswa kidogo, mahindi, maharagwe, maziwa, unga wa kusagwa. La pili ni vya kupikia kama mafuta, sukari, chumvi. La tatu ni vyakula vya kawaida vilivyotengenezwa kwa kuchanganya hayo mawili, jibini, samaki wa kopo, mkate wa kawaida wa mwokaji. La nne ndio lenye kelele, vilivyosindikwa kupita kiasi, vitu vya kiwandani vyenye vimeundwa kutoka vipande vya vyakula, wanga uliobadilishwa, sharubati ya glukosi, protini zilizotolewa, rangi, ladha za kutengenezwa, vya kufanya vishikane na visioze. Ukisoma lebo na kuna majina matano huwezi kuyapata jikoni kwa mtu yeyote Kangemi, uko fungu la nne.

Na si nadharia tu. Mwaka wa 2019 mtafiti wa Marekani Kevin Hall, wakati huo akiwa taasisi yao ya kitaifa ya afya, alichapisha jaribio ambalo mimi napenda sana kwa sababu ni rahisi kuelewa. Watu 20 walikaa ndani ya hospitali ya utafiti, wiki mbili wakipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki mbili vyakula vya kawaida, na milo ilipangwa ikiwa na kalori sawa, sukari sawa, mafuta sawa, nyuzinyuzi sawa, chumvi sawa, halafu mtu anaambiwa kula kadiri unataka. Kwa vile vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na wakaongeza karibu kilo moja, kwa vile vingine wakapunguza karibu kilo moja. Wiki mbili tu! Na walikuwa wanakula haraka zaidi wakipewa vya kiwandani, ni vyakula laini, havitafunwi sana, vinateleza vinaisha kabla tumbo halijatuma habari. Angalia mtu akila smocha halafu uangalie mtu akila githeri utaelewa bila kuenda Marekani.

Sasa si kila kitu cha fungu la nne ni sumu sawa, hapo watu wa intaneti wanapenda kuzidisha. Tafiti kubwa zenye zimefuata watu miaka mingi zinaonyesha vinywaji vya sukari na nyama za kiwandani, kama soseji na hizi smokie, ndivyo vinaenda pamoja na kisukari cha aina ya pili waziwazi kabisa, lakini mkate wa ngano nzima na yogati, hata kama ni vya kiwandani, havionyeshi huo ubaya. Kwa hivyo mtu mwenye anakula mkate wa brauni wa dukani usimtishe. Na upande wa pili, chipo za kibandani kwa mpango wa Monteiro haziko hata fungu la nne, ni viazi na mafuta na chumvi, lakini hiyo haifanyi sahani ya chipo kila jioni kuwa dawa.

Soda ndio kesi iko wazi. Chupa ya nusu lita ya soda za kawaida iko na gramu 50 na kitu za sukari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori zako, ambayo kwa mtu wa kalori 2000 ni gramu 50, na ikiwezekana ishuke mpaka 25. Chupa moja, siku imeisha. Na ni ya kunywa, haikushibishi, unaenda kula kama kawaida.

Mbona najisumbua na hizi hesabu kwa riviu ya kisiagi? Kwa sababu kliniki ya mamkwe hawakuangalia sukari peke yake, walipima kiuno, presha, sukari, triglisaridi ambayo ni mafuta ya kwa damu, na ile kolestro nzuri. Vitu vitano. Vitatu kati ya hivyo vikiharibika pamoja wanasema metaboli yako, yaani vile mwili unatumia chakula, imeenda vibaya, na uko njiani kuelekea sukari na moyo hata kama saa hii hausikii chochote. Na hapa Kenya ule uchunguzi wa kitaifa wa 2015, ule wa STEPwise, ulipata asilimia 27 ya watu wazima uzito umezidi ama ni wanene, na kwa wanawake ni 38.5. Hii kitambi tunaita ya mafanikio iko na stakabadhi nyingine nyuma.

Haya, turudi ndani, tuongee kuhusu lile bango.

Ukutani kwa kisiagi, juu ya mizani, kuna bango kubwa la plastiki: UNGA WA UJI WA AFYA, mchanganyiko wa vitu sijui 15, wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, terere, omena, mbegu za malenge, mihogo, ndizi kavu na vingine, na chini yake: INATIBU SUKARI, PRESHA, VIDONDA VYA TUMBO, NGUVU ZA KIUME. Nyota yangu moja imekaa hapo hapo. Hakuna uji unatibu sukari. Kuna mtu ataacha vidonge vyake vya kliniki akunywe huu uji na sitaki kufikiria mwisho wake.

Nikamwambia mama mwenye kisiagi, kwa heshima, ni mtu mzima, "Mama, hii ya kutibu sukari si utoe?" Akacheka, "Wateja wanauliza hiyo ndio tukaandika." Basi.

Halafu uji wenyewe, nimeununua juu mimi ni mtu wa kujaribu. Ladha ni ya omena na njugu, watoto wangu walikataa. Vitu 15 vimesagwa kwa chekecheo ndogo mpaka vikawa poda, vikapikwa vikawa majimaji, unakunywa kikombe kikubwa kwa dakika mbili, na kwa sababu hauna utamu unaweka sukari vijiko vitatu. Wimbi ni nafaka nzuri sana, siisemi vibaya, ina kalsiamu nyingi kushinda mahindi mbali sana, lakini ukiisaga laini hivyo na kuitia sukari umejirudisha nyuma. Na ukimlisha mtoto vitu 15 kwa mpigo halafu atoke vipele hutajua ni njugu, soya ama omena. Mimi nasagisha wimbi peke yake, nachachisha usiku mmoja, uji mchachu hauhitaji sukari nyingi na ile asidi inachelewesha tumbo kumwaga chakula, sukari inapanda taratibu. Mamkwe anakunywa hivo na kipimo chake hakilalamiki sana.

Sasa upande wenye unanifanya nisiwaambie watu wote wakimbilie mahindi mazima. Mamkwe wangu ni Mkamba wa Makueni, na nilipomletea unga wa kwanza wa kusagwa na maganda, aliuangalia akauliza mahindi yametoka wapi na yalikuwa makavu kiasi gani. Si maringo. Mwaka wa 2004 kule Makueni na Kitui watu waliugua kwa aflatoxin, ile sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyowekwa na unyevu, wagonjwa 317 na 125 wakafa. Yeye aliona. Na hiyo sumu inakaa sana kwa ganda na kiini, zile sehemu zile zile mimi nilikuwa nazisifu hapo juu, kwa hivyo ukikoboa unapunguza sehemu kubwa ya sumu na ukisaga nzima unaila yote. Chakula hakina jibu moja, jameni.

Kwa hivyo ukitaka mahindi mazima lazima uwe mkali kwa mahindi. Yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hapa ndio kisiagi kinapoteza pointi nyingine, hawana kipimo cha unyevu, wanakuambia "uma". Unauma punje, ikipasuka ko ni kavu, ikibonyea acha. Toa zilizooza, zenye rangi ya kijani ama nyeusi, zilizovunjika. Hiyo inasaidia lakini jua sumu yenyewe haina rangi wala harufu, na kupika hakuiondoi. Mimi sasa nanunua mahindi Nyamakima, kule katikati ya jiji, kwa mtu mwenye anaanika vizuri na nakuja nayo hapa kusaga tu. Kama msimu ni wa mvua na mahindi yote sokoni yana mashaka, nakoboa, sina aibu.

Na mamkwe mwenyewe chakula chake ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa lakini hayajasagwa, yanapikwa na maharagwe. Ukifuata ile karatasi ya kliniki neno kwa neno ni nafaka iliyokobolewa, iko kwa orodha ya kuepuka. Lakini punje ni nzima, unaitafuna, iko na maharagwe nusu kwa nusu, inashuka polepole, na akila hiyo kipimo chake cha kidole kinatulia kuliko akila ugali wowote, wangu wa kisiagi ukiwemo. Alinionyesha hiyo namba kwa kimashine bila kusema kitu, akaendelea kula. Kisiagi wanauza muthokoi pia, safi, hauna mchanga, na hiyo naipa nyota tano peke yake.

Jambo lingine la kutetea pakiti: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe virutubishi, chuma, zinki, vitamini A, vitamini B na asidi ya foliki. Visiagi vidogo kama hiki hawaongezi. Sasa kama kuna mama mjamzito kwa nyumba ama anapanga kushika mimba, asidi ya foliki ni kitu cha maana, inamkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, kwa hivyo usimwondolee unga wa pakiti halafu umpe wa kisiagi ukidhani umempandisha daraja, labda awe anameza vidonge vya kliniki vizuri. Shemeji yangu akikuja na mimba yake mimi nilimpikia wa pakiti.

Malalamiko madogo madogo sasa. Unga wako unaweza kutoka na salamu za mtu wa mbele, kama alisaga wimbi wako utakuwa na madoa ya kahawia, kama alisaga omena pole, omba wapitishe kilo ya mahindi ya kusafisha kwanza ama uende asubuhi mashine ikiwa safi. Uliza pia kama sumaku iko, vyuma vya ndani vinasuguana na vinaacha chembe, hapa wako nayo na nimeiona, visiagi vingine nimeuliza wakanishangaa. Unga wa nzima hautaki kukaa, kile kiini kina mafuta na kikishasagwa yanaanza kuharibika, wiki chache unakuwa mchungu, kwa hivyo saga kidogo kidogo ama weka kwa friji. Kelele ni ya kukufanya uongee kwa ishara. Stima ikipotea mnangoja, hawana jenereta.

Nani aende? Mwenye ako na mtu wa sukari nyumbani na ako tayari kupunguza bonge pia. Mwenye anataka wimbi safi bila vitu 14 vingine. Mwenye kuku, pumba ziko. Mwenye anatafuta dawa asome bango halafu avuke barabara.

Jumamosi asubuhi usijaribu, foleni inafika kwa kinyozi na watu wa hoteli wanakuja na magunia. Siku za kazi saa tatu hivi unaingia unatoka. Wanachukua pesa taslimu na M-Pesa, mifuko hawatoi, beba yako, na mwambie yule kijana mrefu chekecheo kubwa, atakuangalia vibaya lakini ataweka.